Jeraha la Gervas

Itigi, Agosti 1996

Shemeji Damari,

Nimekuficha kilichomuua mdogo wangu Gervas. Walisema wewe ndiye uliyemroga mumeo, ukafukuzwa kurudi kwenu Kintinku, nami tabibu nikanyamaza.

Hapa siku hizi maduka yamejaa, ila mimi siinuki tena kitandani.

Fahali alipompasua paja, nilitaka kuliacha jeraha wazi kwanza, maana lilijaa samadi. Mama akafoka, "Unamwacha mwanangu wazi kama nyama ya buchani?" Wewe ukasema, "Mama, shemeji anajua kazi yake." Nikamtii mama, nikashona. Paja likavimba, likanuka. Nilijua ningekata nyuzi usaha ungetoka na huenda angepona. Lakini wote wangeliona kosa langu, nikaziacha mpaka akafa.

Alphonce