Nilimwambia Aende

Jumatatu, 3 Februari

Kidato cha nne, riwaya ileile ya kale, sura ya tatu. Mtu anaacha kwao kutafuta utajiri. Anaupata, anajaza nyumba viti vya fahari, hakuna anayevikalia. Nikauliza vinaashiria nini. Mwajuma akasema, si angevikodisha kwenye misiba na harusi, watu wangemjaa! Darasa zima hoi. Hata mimi. Kisha nikaandika ubaoni: upweke. Ndilo jibu la mtihani.

Deo hakuja kula mchana. Msako tena sokoni. Mume wangu ni mkimbizi wa Burundi, karatasi yake inataka akae kambini, na yeye yuko hapa Ujiji anatengeneza redio. Nikisikia gari la polisi nachungulia dirishani.

Alhamisi, 6 Februari

Jina la Deo limetoka kambini, kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi za mbali. Amepata kwenda Kanada. Peke yake. Alijiandikisha kabla hajanijua, kwa hiyo kwenye faili lao mimi simo. Tulifunga ndoa kanisani, mtaa mzima ulikula! Faili halina habari. Wamemwambia atangulie, mke atafuata. Lini? Hawakusema.

Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda Mwandiga kwa mama. Nilitaka anionee huruma. Akaniuliza huyo mwanamume hapa anapata nini zaidi ya kujificha. Mama yangu mzazi huyo! Kisha akanifungia mihogo na maharage. Nimelia njia nzima kurudi, watu wakitazama. Watazame.

Jumatano, 12 Februari

Darasani leo nimeropoka. Nilisema yule tajiri ni mpumbavu, furaha aliiacha kwao. Mwajuma akauliza, kwao kulikuwa na nini? Nikafungua kitabu nimwonyeshe. Njaa. Kodi. Askari wa mfalme wanaovunja milango. Miaka yote nimekifundisha kitabu hiki kana kwamba kwao ni peponi.

Nikasema tutaendelea kesho.

Ijumaa, 14 Februari

Hakuna jipya. Deo kanunua sweta la mtumba, zito, la kijani. Amelijaribu mara mbili kwenye joto hili. Kapendeza, na nimemwambia.

Alhamisi, 20 Februari

Jana tulikaa uani, anafunga redio ya mteja. Hakuinua kichwa. "Ukisema nibaki, nabaki."

Akibaki, iko siku watamkamata, watampakia kwenye lori, watamvusha mpaka. Ndugu zake waliorudi hatujui waliko. Akienda, mimi ndiye nitakayebaki. Nimwambie nini? Nikamwambia nenda.

Nilitaka abishe. Hata kidogo tu. Hakubisha. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, nami nikaisikia. Kisha akasema asante. Asante! Kama vile nimempa maji ya kunywa.

Simlaumu. Namlaumu. Usingizi sikupata.

Ijumaa, 28 Februari

Ameondoka. Basi lao lilianzia kambini, na wasio na majina kwenye orodha hawakuruhusiwa kuingia. Nilisimama nje ya uzio na wake wengine. Jua kali. Basi lilipotoka vioo vimefungwa, vumbi, sikujua yuko upande gani. Nikapunga pande zote mbili.

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Walimu wananipa pole kama mfiwa. Nimeitikia.

Darasani sura ya tano. Niliwauliza habari za mke wa tajiri. Yumo kwenye ukurasa mmoja tu. Anamfungashia mumewe chakula, anamsindikiza hadi njia panda, basi. Mwandishi hamtaji tena. Nimekisoma kitabu hiki sijui mara ngapi na sijawahi kumwona.

Nikauliza, aliishia wapi?

Wakainamia vitabu, wakapekua. Mwishowe Mwajuma akanyoosha mkono, akanijibu taratibu, yule mtoto ana adabu. "Hajaandikwa, mwalimu. Na kwenye mtihani huwa hatoki."

Kweli, hatoki. Nikafuta ubao, tukaingia sura ya sita.