Sauti ya Bibi Kwenye Nta

Mohoro, Shaabani 1323

Kaka yangu Muharami, uliko mafichoni Mbwara,

Salamu nyingi. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Bwana Abdurahmani, mwenye duka, alituazima kinanda chake cha pembe kinachonasa sauti kwenye nta. Tulitaka Bibi akusihi uache vita urudi nyumbani. Nta ilikuwa moja tu, ya dakika mbili.

Bibi akaisogelea pembe, akakusalimu kwa utani wake wa bibi na mjukuu. "Hujambo, mume wangu?" Akatega sikio kwenye pembe, akingoja. "Habari za huko?" Akangoja tena. "Unakula lakini?" Kisha akanigeukia: "Tatu, mbona hanijibu? Amenuna?"

Nikamnong'oneza aseme lile neno lenyewe.

"Mtu hajaitikia salamu, nimwambieje mengine?"

Nta ikaisha.

Kaka, Bibi alifariki Jumatatu. Alizikwa vizuri, na watu walikuwa wengi.

Jana tuliisikiliza ile nta. Alipouliza "Hujambo, mume wangu?" Mama alifungua kinywa aitikie, nikamshika mkono. Bibi alikuwa anakungoja wewe. Nimeifunga kwa kitambaa ndani ya chungu kipya, isiyeyuke kwa joto.

Mjomba Mtoro, anayekuletea barua hii, anaijua njia salama. Fuatana naye, uje umwitikie Bibi.

Mdogo wako akuombeaye,
Tatu