Makaa ya Pango la Kitandililo

Baba Tumaini,

Kamwene huko uliko. Mimi nimechoka. Siku hizi nabandua magome ya miti ya miwati, na jioni mikono inauma hata kusonga ugali ni kazi. Tumaini amerefuka. Koti lako la kuchimbia analivaa sasa, baridi ikizidi.

Yule mtafiti Mwingereza uliyekuwa ukimchimbia amerudi. Tangu jiwe lilipokuangukia mle pangoni alikuwa hajakanyaga kwetu. Alishuka basi Makambako, akaja kwa miguu, akasimama uani kofia mkononi. Nikamletea kigoda.

Yale makaa uliyoyachimbua chini kabisa, ukayafunga koponi kama dawa, walikuwa wameyapeleka Uingereza kupimwa umri. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza, "Nani aliota moto huu, Mama Tumaini?" Jibu limekuja. Ni makaa ya kale mno, hata mashine yao haifiki yalikoanzia. Nikamuuliza, "Ya kabla ya babu zetu Wabena?" Akasema, "Kabla ya kabila lolote tunalolijua."

Nilikaa chini, mume wangu. Maana kaka yako Lutengano alisema umefukua majivu ya wazee wa ukoo, ndio waliokuua. Akakataa ulazwe makaburini kwenu. Tukakuzika peke yako huku ukingoni mwa shamba, mvua inanyesha, mchungaji anaharakisha sala. Na tangu siku ile hakuna mtu wa kwenu aliyekuja hata kupalilia.

Nilimpelekea Lutengano habari mwenyewe. Sikuwa na nguvu za kugombana, nikasema tu nilivyoambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa. "Sasa tulimtenga ndugu yangu kwa majivu ya nani?"

 

Juzi asubuhi nilimkuta kaburini kwako na jembe, suruali imelowa umande. Alipalilia, akainua udongo uliobonyea, huku analia bila kujificha. Akataka tukuhamishie kwa wazee. Nikamwambia, "Mwache, shemeji. Kuchimba kumetosha."

Sijui kama nimekosea. Nimechoka kuwaza, ila moyo umetulia kidogo.

Lala salama, Baba Tumaini. Neno moja nakuahidi, na Lutengano amelikubali mbele ya mwanao: siku yangu ikifika, hawatanipeleka makaburini kwa ukoo. Watanilaza huku ukingoni, ubavuni pako.

Mkeo,
Mama Tumaini