Nyumba Zisizo na Wanaume

Jumanne, Masese

Sifuri tena. Nyumba kumi na mbili, na swali la nne limejibiwa sifuri kote: wanaume wazima wangapi wanalala hapa? Hata pale ambapo viatu vya kiume vilikuwa mlangoni, vina tope bichi.

Mhadhiri wetu wa takwimu amenirudishia fomu mbele ya darasa zima. Anasema nimezijaza mwenyewe kitandani, maana wastani wa sifuri haujapata kuonekana. Imeniuma. Yeye hajabisha hodi hata mlango mmoja tangu vita viishe.

Kosa ni langu, lakini si hilo. Nilidhani nikiuliza kwa Kiswahili, Msoga na Mgisu, kila mmoja na lugha yake, wote watanielewa. Wamenielewa kupita kiasi. Mama mmoja anayeanika mukene, dagaa wa ziwani, alinijibu, "Hakuna mwanaume hapa, afande." Nikamwambia mimi ni mwanafunzi tu, mama. Akasema, "Ndiyo, afande." Jirani yake ndiye aliyeninong'oneza: wanajeshi waliomchukua mumewe nao walianza kwa kuhesabu watu, kwa lugha hiihii.

Kesho nitauliza kwa Lusoga, lugha ya Wasoga wenyewe. Niliamua hivyo jioni hii, nikipanga fomu zangu nyuma ya pazia, na hapo mlango wetu ukagongwa. Sauti nisiyoijua, Kiswahili cha kambini: "Wanaume wangapi wanalala hapa?"

Mama hakusita. "Hakuna, afande. Niko peke yangu."

Wameondoka. Lakini viatu vyangu vilikuwa pale mlangoni, vina tope bichi.