Faili Tupu Alilofuta Mwanangu

Mwenzangu, nimetoka kliniki sasa hivi na moyo wangu si mzuri.

Mwanangu kaleta ule mfumo wake wa foleni ya wagonjwa pale ninaposafisha. Kwenye kompyuta yake unaenda. Kwenye ya kliniki, daktari mkuu akiangalia, ukakataa, ukaandika kwamba kipande chake kimoja, moduli ya foleni, hakipatikani: haipatikani.

Haipatikani. Na kazi hiyo nimemtafutia mimi.

Nikamwambia, "Baba, tusali kwanza."

"Ngoja mama, nampigia mke wangu."

Mke. Na mimi nipo pale na dekio langu.

Akamweleza kwenye spika ya simu, na binti huyo hata hakufikiri. "Kwenye folda ya foleni kulikuwa na faili tupu. Umelifuta?"

"Nimelifuta, halina kitu ndani."

"Bila hilo, folda nzima inaachwa nje unapofungasha mfumo wa kupeleka kompyuta nyingine. Lirudishe, ufungashe upya."

Akalirudisha, ukaenda. Daktari akamuuliza nani kamfundisha kufuta ovyo. Mwanangu akaninyooshea mimi kidole: "Mama. Kwetu kitu kitupu hakilali ndani, anakitupa." Wakacheka wote.

Kisha akamwambia mkewe, "Bila wewe ningeumbuka."

Bila wewe. Mbele yangu.

Kazi kapewa, namshukuru Mungu. Na mkwe nimemwombea, mwenzangu, ila kwa ufupi.