Yadi za Duka Langu

Jumatatu, 3 Machi

Tai kaja na karatasi. Ni mtoto wa baba mkubwa. Jina kalipata kwa kile kitambaa cha shingoni, nadhani hata kuoga anaoga nacho. Kasoma wasia wa Babu kwa sauti ya redio. Jengo lote, kuanzia barabarani: yadi ishirini kwa mtoto wa kwanza, ishirini kwa wa pili, “kitakachobaki” kwa wa tatu. Wa tatu ni marehemu baba. Kitakachobaki ni chumba hiki! Hapa nilizaliwa, hapa mke wangu kanifia.

Fungu la pili Tai alishalinunua. Sasa anauza lote. Eti yadi arobaini zinaishia ukuta wa nyuma, ndugu yangu, hakuna kilichobaki.

Nikamwambia nimebaki mimi. Hakucheka. Jumamosi analeta mpima ardhi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mgongo unawasha — nimeukuna kwa fimbo ya Babu, ile ya yadi moja aliyopimia vitambaa dukani. Kazi nzuri kuliko yake ya zamani.

Nilikuwa na miaka saba. Babu kaniita stoo, kafunga mlango. Shika vizuri, mwenzangu. Akaipiga fimbo msumeno. Kipande cha upana wa vidole vitatu kikaanguka! Akaivisha ncha shaba kuficha mkato, akanifunga mdomo kwa peremende. Tangu siku ile, kila bibi harusi mjini kavaa gauni pungufu.

Na wasia unasema “yadi za duka langu”. Wote wanadhani ni madoido ya mzee. Vidole vitatu mara arobaini — nimepima sakafuni. Ni upana wa chumba hiki; yadi arobaini za fimbo hii zinaishia mlangoni kwangu. Alijua alichoandika, mwizi yule. Lakini nikisema, kila mtu atajua.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kaja na uji. Ana themanini na mbili, na bado anawasimulia watu kwamba Babu hakumpunja mtu hata ukucha. Mumewe alimwacha, watoto wako mbali. Kilichomsimamisha ni jina la Babu tu. Kaona fimbo, kaifuta kwa kanga yake kama anamfuta mtoto kamasi.

“Mjinga wewe, unakunia mgongo fimbo ya haki!”

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaomba sukari.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika. Nimejifanya mgonjwa, naandika hapa dirishani. Tepu imenyooshwa toka barabarani hadi ukuta wa nyuma. Mpima kasema arobaini kamili, mzee atafute pa kwenda. Majirani wamejaa. Tai anarekebisha tai.

Dada kaingia kwa hasira. Eti wanamtilia Babu shaka kwa tepu ya dukani! Kachukua fimbo.

“Nawaonyesha yadi ya mtu mwaminifu ilivyokuwa.”

Ningemzuia. Alipita hapa, kanga yake ilinigusa goti. Ningesema, Dada, rudi, keti. Nilitazama kitanda changu. Nikamwacha aende.

Sasa yuko nje, kaiinua juu watu waione. Mpima anamwambia taratibu, hebu ilaze hapa, mama, kando ya tepu. Dada anainama. Magoti yanamsumbua — Tai mwenyewe kamshika mkono. Kailaza.

Mpima kachutama. Kavua miwani, kaivaa tena. Mtu kacheka nyuma huko.

Dada anaisukuma fimbo kwa kidole ifike alama ya yadi kwenye tepu. Haifiki. Anaisukuma tena.

Kageuka. Anatazama dirisha hili —