Dawa: Bado

2 Machi

Kwako daktari wa vijidudu,

Hujambo mwanangu? Mimi mzima, ila nguruwe wananitoa jasho. Wanakohoa, wanahema kwa tumbo, jana nimefukia wawili. Kwenye boksi la barafu mna vile vijiti vya pamba ulivyonipa, nimevizungusha puani mwao kama ulivyonifundisha. Yule jike mkubwa kaning'ata, lakini nimeshinda mimi.

Baba yako.

11 Machi

Shikamoo baba,

Pole na meno ya jike. Vijiti nimevipaka kwenye visahani vyenye damu ya kuoteshea bakteria, nikaviweka kwenye joto siku mbili. Hakuna kilichoota. Sema kweli: uliwachoma sindano kwanza, sivyo? Ukitanguliza dawa bakteria wanakufa, nami nabaki kukodolea macho kisahani kitupu mbele ya wenzangu. Nimekuambia mara ngapi? Kipimo kwanza, dawa baadaye. Na kila kijiti kiandike: mgonjwa nani, kikohozi siku ya ngapi, dawa kapewa au bado.

Binti yako.

16 Machi

Marahaba, mwanangu mkali,

Hata marehemu mama yako hakuwahi kunigombeza hivyo. Kweli, niliwachoma. Ungewasikia wanavyokohoa, nawe ungewachoma. Safari hii sindano sijaigusa. Vijiti hivi hapa, na maandishi yake.

Baba yako.

24 Machi

Shikamoo baba,

Wameota! Madoa madogo ya kijivu, na damu pembeni yake imegeuka kijani. Wachome penisilini. Vaa glavu, huyu mdudu humwingia hata mtu kupitia mchubuko. Mimi naenda mafunzoni wiki mbili.

Binti yako.

2 Aprili

Mwanangu,

Salama huko? Nguruwe wanakula tena, wananipigia kelele kama wenye nyumba. Mimi ndiye mgonjwa kidogo: homa, kikohozi, kichwa kinagonga. Glavu nilivaa, kasoro siku moja. Jirani kaniletea vidonge, anataka twende hospitali, nimemkatalia. Nimemwambia binti yangu ana kanuni yake. Kipimo changu nimekiweka humo boksini, nangoja jibu utakaporudi. Masikio nayo yamekuwa mazito, kwa hiyo ukija itabidi upige kelele, kazi unayoiweza.

Baba yako.

19 Aprili

Shikamoo baba,

Najua hakuna wa kuitikia, ila sijui kuanza barua bila salamu hiyo. Jirani alinipigia simu mafunzoni, nikakukuta umeshafunikwa shuka. Barua yako nimeikuta mezani kwangu baada ya mazishi, na boksi lako kwenye friji ya maabara. Nimelia mbele ya wenzangu wote, na sikuona aibu.

Uliandika vizuri, baba, hukuruka hata kitu kimoja. Mgonjwa: baba. Kikohozi: siku ya tatu. Dawa: bado.

Nimekiotesha mwenyewe. Kisahani kimejaa, madoa yaleyale ya kijivu, kijani ileile. Nikawajaribu wadudu hao kwa penisilini, wakafa wote.

Kanuni ile ilikuwa ya nguruwe, baba. Ya nguruwe tu.

Binti yako.